Jalada Namba 4117

Hospitali ya Brno inahama, barua ikasema:
njoo uchukue lako
au litachomwa mwisho wa Machi.
Nikapanda tramu namba nane na koti la mazishi.
Sikujua mtu huvaa nini
anapokwenda kuonana na alivyoandikwa.

Binti wa kaunta, kucha za kijani,
alinisukumia jalada kama anayerudisha chenji.
"Bwana Hrubeš? Sahihi hapa."
Kurasa thelathini na moja.
Mwembamba kuliko nilivyodhani,
ugonjwa wa maisha yangu yote.
Nikaketi palepale, kwenye benchi la ukumbini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Nilikwenda kwa kikohozi, naapa,
kikohozi tu, cha vumbi la breki za karakana,
ila kaka yangu Oldřich alishamwona daktari kabla yangu
akafunga mlango.

Katika ukurasa wa pili kikohozi hakipo.
Ipo mikono yangu: "huchezacheza azungumzapo."
Yupo mama: "mpole kupita kiasi."
Yupo baba: "hayupo,"
kana kwamba alikwenda kufa vitani
ili mimi nipate dalili.

Na Radovan yupo, bila jina.
Wamemwandika "kitu."
Kitu cha mvuto.

Kitu hicho kilipenda mkate mweusi wenye mafuta ya bata.
Kilipuliza klarineti vibaya, tena kwa ujasiri.
Kiliogopa buibui.
Kilinifundisha kuteleza juu ya barafu,
kimenishika kiuno, kinaniambia
usitazame miguu, Vlasta, tazama mbele.

Nimetoa penseli.
Alipenda. Alipuliza. Aliogopa.
Alinishika.

Ukurasa wa tisa: sindano, ndoo, picha ukutani.
Walinitapisha mbele ya mabega ya wanaume nisiowajua,
siku kumi na nne, saa nne asubuhi,
hata leo harufu ya kahawa iliyopoa
hunikalisha tena kwenye kile kiti.
Nao walikuwa wapole. Hilo ndilo nisilowasamehe.
Muuguzi alinifuta kinywa kwa shuka safi,
akasema, utapona, mwanangu.

Kupona.
Mwenye homa hupona akarudi alikokuwa.
Mimi nilirudi, nikarudi,
nimtafute huyo mzima niliyekuwa kabla,
nikamkuta mtoto wa miaka sita
ameegemea kioo cha duka la saa,
anatazama vidole vya fundi
na hataki kuitwa nyumbani.

Baada ya hapo nikawa mlinzi wangu na mwizi wangu.
Nikicheka, dalili.
Nikinyamaza, dalili imejificha.
Nilijifunza kubeba kikombe kama seremala,
kutembea kama niliyetumwa,
kuweka mikono mfukoni hadi mifuko ikatoboka.
Mtu akiniuliza hujambo
nilitafuta jibu ambalo lisingeandikwa.

Ukurasa wa mwisho ni mistari miwili:
"Hali imetengemaa. Ameposa."
Jarmila.
Miaka kumi na tisa uliosha sahani na mwanamume aliyepona.
Wewe hawakukufungulia jalada.

Nasikia baadaye waliufuta ugonjwa kwenye vitabu vyao.
Walikutana, wakanyoosha mikono, wakahesabu,
wakaenda kula.
Siku hiyo nilikuwa chini ya tramu, nafunga kengele.
Hakuna aliyeteremka kuniambia
kwamba tangu saa sita mchana nilikuwa mzima.
Na Radovan alishahamia Ostrava,
alishazikwa Ostrava,
angali kitu.

Taa za ukumbi zinazimwa moja baada ya nyingine.
Penseli imekuwa butu. Nimefika ukurasa wa tano.
Binti anavaa kofia, anasita mlangoni.
"Babu, unaumwa?"
Kifua kinanikereketa, kama kilivyo tangu karakana.
"Hapana," namwambia.
"Ni kikohozi tu.
Hakuna aliyewahi kukitibu."